Madebe Kumi na Mawili ya Mtakatifu Yosefu

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Desemba 2024, saa mbili kamili asubuhi, anga la Ngumbo lilikuwa jeupe upande wa milima na jeusi upande wa ziwa. Upepo ulikuwa umetulia, na joto lilikwisha kuanza kubandika mashati migongoni. Saa hiyo hiyo Erasmo Kumburu aliwasha mashine yake ya kukoboa, akageuka kuutazama ubao mweusi uliopigiliwa kando ya mlango, akaridhika na mwandiko wake.

Ubaoni palikuwa na majina matano kwa mpangilio wa kufika: Anna, Yosefu, Rita, Monika, Bakhita. Hizo zilikuwa jumuiya ndogo ndogo za parokia, kila moja na mtakatifu wake. Keshokutwa Shemasi Sebastian, mtoto wa pale pale, angepewa upadri, na kila jumuiya ilikuwa imechanga chakula cha karamu. Michango hiyo haichanganywi hata kidogo. Wakati wa matoleo kila jumuiya huitwa kwa jina, hupita na mizigo yake mbele ya altare, na walioketi huhesabu.

Tangazo lilikuwa limekuja Alhamisi jioni: Ijumaa saa saba mchana umeme ungekatwa kata nzima, nguzo zibadilishwe, na usingerudi kabla ya Jumatatu. Usiku haujaingia, Mzee Urbani, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alifika kwa Erasmo, akakataa kiti.

“Nimesikia unasema utaweza,” alisema. “Basi nisikilize. Debe moja likirudi kwa wenyewe likiwa bado nafaka, kazi ya hosteli naipeleka kwa mwenye mashine ya dizeli kule mlimani. Sitaki kuaibika mbele ya askofu.”

Kazi ya kusaga mahindi ya hosteli ya parokia ndiyo iliyoilisha nyumba ya Erasmo kuanzia Januari hadi Novemba. Wateja wengine walitosha kununulia grisi na mikanda. Hata hivyo Erasmo aliziamini hesabu zake. Alichukua karatasi, akaandika dakika ambazo kila jumuiya ingehitaji katika mashine ya kusaga, ambayo ndiyo ingekuwa na kazi nyingi kuliko ile ya kukoboa: Yosefu sitini, Rita sabini, Monika sitini, Bakhita arobaini na tano. Anna hawakuhitaji kusaga, kwa kuwa mahindi yao yalikuwa ya kande. Jumla ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na yeye alikuwa na saa tano. Akamwonyesha mkewe, Bonifasia, akasema kwamba mtu aliyesoma bweni hafanyi kazi kwa kubahatisha.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa mahali pengine.

Mashine zilikuwa mbili katika banda moja. Ya kwanza ilikoboa, na Erasmo mwenyewe ndiye aliyeilisha. Ya pili ilisaga, na hiyo ilikuwa ya Bonifasia. Kanuni ya pale ilijulikana na wote: mahindi ya jumuiya hayaendi kusagwa mpaka yote yamekwisha kukobolewa na kupimwa mbele ya mashahidi wawili, mahindi upande huu, pumba upande ule. Kanuni hiyo ilitokana na ugomvi wa zamani juu ya pumba, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Basi saa mbili na robo Erasmo alikuwa akimimina mahindi ya Anna, jasho likimtoka, na Bonifasia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, mashine yake kimya. Saa mbili na nusu alikuwa bado ameketi.

“Dada Bonifasia,” aliita Gertruda wa jumuiya ya Monika kutoka nje, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kuita ng’ambo ya mto. “Leo wewe ndiye mgeni rasmi?”

“Nangoja mahindi.”

“Yako wapi?”

“Kwa mume wangu.”

“Ukimngoja mwanaume akuletee mahindi, utakula Pasaka.”

Wanawake walicheka. Bonifasia hakucheka. Alitazama gunia alilolikalia Gertruda, kisha lile la jirani yake wa Bakhita, kisha akatazama saa ya simu yake. Alitazama tena yale magunia kana kwamba yalikuwa yamemtukana.

*

Saa tatu kamili Anna walimaliza. Vijana wao walibeba mahindi yao ya kande wakaondoka wakiimba, na Mama Ephrasia wa Yosefu akasimama. Alikuwa mjane wa makamo aliyekaribia uzee, mweka daftari la matoleo la parokia nzima, na kanga yake ilikuwa imepigwa pasi hata kwa siku ya vumbi. Aliondoka kwake jogoo la kwanza ili asikose nafasi ya mbele. Alikuwa na madebe kumi na mawili, na alitaka yakobolewe mara mbili, unga uwe mweupe wa kumstahili askofu.

Erasmo aliinua debe la kwanza. Kabla halijainama, mkono wa Bonifasia ulikuwa umeufunika mdomo wa mashine.

“Baba Lidia, usimimine.”

“Toa mkono, utakatika.”

“Tangu saa mbili nimekaa. Saa nzima. Mama huyu anataka kukobolewa mara mbili, dakika mia na ishirini. Kwa hiyo nitakaa mpaka saa tano. Ile saa ya akiba uliyonionyesha jana nimekwisha kuikalia, na sasa unanipa nyingine mbili nizikalie.”

“Foleni iko ubaoni.”

“Ubao haujui kwamba makopa hayakobolewi.” Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. “Bakhita wameleta muhogo mkavu. Monika wanataka dona. Hao hawana haja na mashine yako hata dakika moja. Wanangoja nini?”

“Wanangoja zamu yao,” alisema Erasmo, na sauti yake ilipanda, maana watu wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie mtu akisahihishwa na mkewe. “Wamefika mwisho. Nimesoma miaka sita mahali ambapo ukiruka mstari wa chakula unalala na njaa, awe mtoto wa waziri, awe wa mkulima. Aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza. Nikiivunja leo, kesho nitamzuia nani?”

Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuwa ameipenda haki ya aina moja kwa muda mrefu hata akadhani haki haina aina ya pili.

Mwalimu Ambokile, aliyefundisha hisabati katika sekondari ya kata, alikuwa ameegemea ukuta na kiroba chake cha mahindi. Alitoka Rungwe, hakuwa Mkatoliki, na kwa sababu hizo mbili alikuwa amekubali bila kuambiwa kwamba angesagiwa baada ya watakatifu wote. Sasa alikohoa.

“Mzee Erasmo, samahani. Naomba chaki.”

Aliichukua, akachuchumaa, akachora mistari miwili mirefu sakafuni: mmoja wa kukoboa, mmoja wa kusaga. Aliweka alama za saa, akaandika majina chini yake. Watu walimzunguka kama wanaotazama bao.

“Kwa foleni ya ubaoni,” alisema, “Bakhita watamaliza saa tisa kasoro dakika tano.”

“Umeme saa saba,” alisema mtu.

“Ndiyo. Saa saba Rita watakuwa hawajamaliza. Monika na Bakhita hawatakuwa wameanza.”

Gertruda aliinuka kutoka juu ya gunia lake. “Kumbe sisi tunakaa hapa kwa mapambo?”

Erasmo aliinamia mistari ile. Aliona kipande kirefu cheupe katika mstari wa pili, mahali ambapo mashine ya mkewe haikuwa na jina lolote juu yake, na akaelewa. Jana alikuwa amehesabu muda wa kazi. Muda wa kuingoja hakuuhesabu, kwa sababu aliyengoja hakuwa yeye. Uso wake ulibadilika rangi polepole, na Mzee Urbani, aliyekuwa ameingia wakati huo huo akipangusa jasho, aliiona rangi hiyo.

“Kuna nini?” aliuliza Urbani.

“Hakuna kitu, mzee. Shikamoo,” alisema Erasmo. “Bonifasia, washa. Monika waanze kwako sasa hivi, wakifuatwa na Bakhita. Mama Ephrasia, lete debe.”

“Bado,” alisema mwalimu.

*

Kilichobaki kilikuwa kigumu kusema, na Ambokile hakuwa na cheo pale cha kukisema. Alikisema hata hivyo.

“Mama Ephrasia, shikamoo. Ukikoboa wewe sasa, utatoka saa tano. Mashine ya pili itakuwa imemaliza dona na makopa saa tano kasoro robo, itakaa robo saa ikikungoja. Utasagiwa mpaka saa sita. Ndipo Rita waanze, na Rita wanataka unga laini, husagwa polepole, dakika sabini. Saa saba na dakika kumi.”

“Dakika kumi tu.”

“Madebe mawili ya Rita, mama, yatabaki mahindi.”

“Na mimi nikiwapisha Rita?”

“Wao wanakobolewa mara moja tu, dakika hamsini. Watakuwa tayari wakingoja makopa yaishe. Hakuna mashine itakayokaa. Wewe utafuata, na wote mtamaliza saa saba kasoro dakika tano.”

Mama Ephrasia alitazama mistari ya chaki, kisha wingu la ziwani lililokuwa limesogea kidogo, kisha akamtazama mwalimu machoni.

“Na umeme ukikatika kabla ya saa?”

“Utakukata wewe, mama. Wewe peke yako.”

“Nashukuru kwamba hunidanganyi.” Alimgeukia Erasmo. “Kwa hiyo mimi niliyeondoka kwangu jogoo la kwanza nitakuwa wa mwisho. Nao waliokunywa chai kwanza wataondoka na unga.”

“Chai yenyewe ilikuwa kiporo cha jana, mama,” alinong’ona Gertruda.

“Nyamaza, Gertruda.”

Wendelin wa Rita, mwanaume mnene mwenye haya, alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mzee Urbani alifungua kinywa, akaona kwamba amri yoyote atakayoitoa itamfanya adui wa jumuiya moja, akakifunga.

“Siwezi kukulazimisha,” alisema Erasmo mwishowe. “Zamu ni yako. Ukisema tumimine, namimina, na kesho nitatembea nyumba kwa nyumba kuwaeleza Rita. Ukiwapisha, basi nina deni kwako.”

“Deni gani? Sema linaloeleweka.”

“Sema wewe.”

“Umeme ukikatika nikiwa na debe hata moja, utalitwanga. Kwa mchi, uani kwangu, mchana, watu wakiona. Si mkeo, maana yeye leo ndiye aliyetumia akili. Ni wewe.”

Kicheko kilianza upande wa wanawake kikafia njiani, kwa kuwa mama yule hakuwa akitania. Erasmo hakuwahi kushika mchi tangu azaliwe. Kwao, mvulana aliyeonekana kinuni aliimbiwa nyimbo za dhihaka.

“Nimekubali,” alisema.

Akaenda ubaoni, akaufuta kwa kiganja chote, na kwa ule mwandiko wake mzuri akaandika safu mbili badala ya moja.

*

Saa tatu na dakika tano mashine zote mbili zilinguruma pamoja kwa mara ya kwanza siku hiyo, na banda zima likatetemeka hadi mabati. Watu walilazimika kusemezana kwa mikono. Dona la Monika lilishuka likiwa na joto la mkate. Gertruda alitumbukiza kiganja, akalionja, akainua kidole gumba kwa Bonifasia, na Bonifasia, aliyekuwa mweupe wa vumbi hadi kope, akacheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezifidia zile dakika tano kwa kubadili magunia bila kuzima mota. Saa nne kamili Monika walifunga. Makopa ya Bakhita yakaingia nyuma yao, na harufu kali ya muhogo ikajaa mahali pote.

Upande wa pili Erasmo alikoboa mahindi ya Rita, akapima mbele ya mashahidi, akayasukuma kando yangoje. Hakuwa na muda wa kuinua kichwa. Aliporudi kwenye madebe ya Yosefu aliyashika kwa uangalifu wa mtu anayebeba kitu alichokiazima.

Ilitokea furaha ambayo hakuna aliyeitarajia. Watu waliosagiwa hawakuondoka. Walikaa kutazama. Mwalimu Ambokile alisimama juu ya mistari yake na chaki mkononi, na kila jumuiya ilipomaliza aliweka mkato, na kila mkato ulipoangukia mahali alipotabiri watu walipiga makofi. Saa tano kasoro robo, Bakhita. Makofi. Rita wakaanza dakika hiyo hiyo.

“Wendelin,” aliita Mama Ephrasia kwa nguvu kupita mashine, “huo unga mnautengeneza uji au poda ya kujipaka?”

“Ni kwa ajili ya wageni, mama. Wapo wazee wasio na meno.”

“Askofu anayo meno. Nimemwona. Fanyeni haraka.”

Saa sita kasoro dakika tano Wendelin alifunga gunia lake la mwisho, akamwinamia Mama Ephrasia kama anayepokea baraka, akatoka. Mahindi ya Yosefu yalikuwa tayari, meupe kama punje za chumvi. Bonifasia alimimina la kwanza.

Sasa watu walihesabu. La pili, la tatu, la nne. Dakika tano kwa debe, bila kukosea. Upepo wa kwanza uliingia mlangoni ukipeperusha vumbi la unga, na wingu la ziwa lilikuwa limefika juu ya mitumbwi. La saba. Mzee Urbani alitoka nje akatazama nguzo, akarudi. La tisa. Erasmo, ambaye mashine yake ilikuwa imemaliza kazi, alikuwa amesimama nyuma ya mkewe akimkabidhi madebe, na kila alipokabidhi moja midomo yake ilisogea. La kumi. La kumi na moja lilishuka, Bonifasia akalinyanyua la kumi na mbili hadi kifuani.

Mota ilishuka sauti, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno, ikanyamaza.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Baadaye ilijulikana kwamba mafundi waliokuwa nguzoni waliona mvua ikija, wakakata mapema wasije wakapigwa na radi. Walifanya la busara. Lakini ndani ya banda wakati ule kulisikika tu mkanda ukizunguka peke yake, polepole, mpaka ukasimama.

“Kumi na moja,” alisema Gertruda kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

Mzee Urbani alivua kofia. Alikumbuka maneno yake ya Alhamisi, na kwa mara ya kwanza yalimwelemea yeye badala ya wengine. Jumuiya tano, mashine mbili, na mtu aliyekaribia kuiaibisha kamati alikuwa ameiokoa. “Mama Ephrasia,” alisema, “ni debe moja. Andika kumi na mawili, tumalize. Nani atakayejua?”

“Siandiki nisichokipokea, mzee.”

“Asiandike,” alisema Erasmo. Alilichukua lile debe mikononi mwa mkewe. “Mama, niloweke leo kwako au kwangu?”

“Kwangu. Uje kesho saa tatu.”

*

Jumamosi saa tatu Erasmo alifika akiwa amevaa shati jeupe, kwa kuwa hakujua mtu huvaa nini anapokwenda kutwanga. Uani palikuwa na mkeka, ungo, kinu, na wanawake zaidi ya ishirini ambao kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kupita pale. Mwalimu Ambokile alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza na kiroba chake ambacho bado kilikuwa mahindi.

Pigo la kwanza lilikosa kinu. La pili liligonga ukingo, na mahindi yaliyolowa yakaruka yakampata usoni. Waliimba, kama alivyojua wangeimba, wimbo wa bwana harusi aliyeoa mchi. Erasmo alikaza meno. Kufikia saa nne alikuwa ameelewa kwamba mchi hausukumwi bali huachwa uanguke. Kufikia saa tano malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka, na kanga kuukuu ilikuwa imefungwa kiganjani mwake bila mtu kuulizwa.

Bonifasia alifika na chupa ya chai. Alimtazama mumewe, akaupeleka mkono kwenye mchi.

“Wewe kaa,” alisema Mama Ephrasia.

“Mama, ameumia.”

“Najua. Kaa. Nani anapepeta hapa? Gertruda, unacheka tu, na unga umejaa kinuni. Shika ungo, asimame akingoja nini?”

Gertruda alishika ungo. Mwingine alianika. Erasmo alitwanga sehemu moja wakati nyingine ikipepetwa na nyingine ikipata jua mkekani, na kazi, ambayo asubuhi ilionekana kama adhabu ya siku mbili, ikaanza kwenda. Wimbo ulibadilika bila kutangazwa. Ukawa ule wa kawaida, wa kutwangia.

Saa tisa alasiri Mzee Urbani alikuja na wajumbe wawili wa kamati. Walimkuta Erasmo ameketi chini, shati lake halina tena rangi, mikono imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Mama Ephrasia alikuwa amepiga magoti mkekani akikusanya unga uliokauka. Aliutia gunia dogo peke yake, akalifunga, akaliweka kando ya yale ya mashine.

“Si mweupe kama wenzake,” alisema mjumbe mmoja.

“Umekobolewa mara mbili, umetwangwa, umepepetwa,” alisema Mama Ephrasia. “Ninaupokea.”

Urbani alitazama mikono ya Erasmo, akaelekeza macho yake pembeni. “Hosteli wanafungua tarehe sita Januari,” alisema. “Nitawaambia walete mahindi kwako.”

“Waniulize mimi kwanza yapi yatangulie,” alisema Bonifasia.

“Wamuulize yeye,” alisema Erasmo.

Mama Ephrasia alichukua daftari la matoleo, akalifungua juu ya goti, akatafuta mstari wa Mtakatifu Yosefu ulioachwa wazi tangu jana. Aliandika taratibu, wino ukolee: madebe kumi na mawili. Akauonyesha ukurasa kwa mwenyekiti, kisha kwa Erasmo, aliyeusoma mpaka mwisho kama mtu anayesoma matokeo.

“Erasmo,” alisema akifunga daftari, “hatudaiani.”